Walevi wa Stoo ya Samli

Halua ilimkinai Gharib zamani kabla pombe haijamkinai, na huko ndiko mambo yake yalikoanza kuharibika. Tangu ujana wake alikuwa mpishi katika kiwanda cha baba mkwe wake, chumba kirefu cha chini katika nyumba moja kongwe ya Mji wa Kale, dari yake imekuwa nyeusi tititi kwa moshi. Kila siku alisimama mbele ya sufuria kubwa la shaba, mwiko mrefu mikononi, akikoroga wanga na sukari mpaka mabega yakamwaka moto, kisha akamimina samli na kunyunyiza hiliki na zafarani. Sukari iliingia kwenye kucha, kwenye ndevu, mpaka kwenye usingizi wake. Baba mkwe alipofariki, kiwanda kilibaki kwa mjane wake, Bimdogo, mwanamke mfupi, mkali wa usafi, ambaye hata kizingiti cha mlango alikisugua kwa ndimu. Bimdogo aliishi ghorofani pamoja na Gharib na Tumu, bintiye wa pekee na mke wa Gharib.

Miaka ya tisini ilipoingia, halua ya Bimdogo ilianza kuagizwa bara. Gharib ndiye aliyepeleka mizigo Shimanzi, kwenye maghala na yadi za makontena, kuitafutia lori. Madereva waliokuwa wakingoja zamu ya kupakia walikuwa na kibanda chao cha mabati nyuma ya yadi, wakinywa chang'aa kwa vikombe vya bati. Walimkaribisha. Mara ya kwanza aliitema. Mara ya pili aliimeza, na ule ukali ukaukata utamu uliokuwa umemganda kooni miaka yote, akahisi kama mtu aliyepigwa mswaki mpaka tumboni. Tangu hapo hakuwa tena na safari fupi ya Shimanzi.

Alikuwa akirudi nyumbani akitafuna karafuu, mashavu yamejaa, akijidanganya kuwa hakuna ajuaye. Lakini Mji wa Kale kuta zina masikio, na zina pua vilevile. Msikitini watu hawakumwambia neno. Walikuwa wakisogea kidogo tu, yule wa kulia akisogea kulia na yule wa kushoto kushoto, na Gharib akabaki na nafasi ya watu wawili peke yake kwenye safu. Kisha akaacha kwenda msikitini, na hata hilo hakuna aliyemuuliza.

Mwaka wa tisini na saba zikaja zile mvua za El Nino. Mitaro ya mji ilifurika, taka za mwezi mzima zikatoka zilikokuwa zimejificha na kuelea barabarani. Alasiri moja Bimdogo alimtuma Gharib Marikiti kununua hiliki. Gharib aliinunua, akaitia mfukoni, na miguu ikampeleka Shimanzi. Hakukumbuka aliondokaje huko. Alichokumbuka ni kuamshwa alfajiri na kitu chenye joto kikipita mdomoni mwake, laini, chenye majimaji, kikipita tena na tena kwa upole, hata akadhani yuko kitandani kwake.

"Bwana Gharib," sauti ikasema juu yake. "Amka. Huyo anayekubusu si mkeo."

Alifumbua macho. Alikuwa amelala nyuma ya soko, juu ya lundo la maembe yaliyooza, na mbwa koko mwenye upele alikuwa akimlamba matapishi kidevuni. Alitaka kupiga kelele, lakini alipofungua kinywa ulimi wa mbwa ukamwingia. Aliyemwita alikuwa Chonga, hamali wa Marikiti aliyezoea kumbebea magunia ya sukari. Chonga alimfukuza mbwa kwa teke, akamwinua Gharib kwa kwapa, uso amegeuza pembeni kwa harufu.

"Mimi nimebeba samaki waliooza, bwana," Chonga akasema, "nimebeba ngozi mbichi. Lakini wewe wanuka kuliko vyote. Kuna dereva huko Shimanzi, Mkamba, aitwa Mutunga. Alikuwa anashinda mtaroni kama wewe, na sasa anakunywa chai tu. Mtafute umuulize alifanya nini."

Gharib alijichomoa mikononi mwake. Alikwenda mpaka bomba la soko akauosha uso wake mara saba, moja kwa mchanga, kama sheria isemavyo kwa najisi ya mbwa. Akarudia zile saba tangu mwanzo. Ngozi ya midomo ikachubuka, damu ikatoka, na bado aliuhisi ule ulimi. Nyumbani alipita bila kumtazama mtu. Siku nyingi baadaye, kila alipotaka kutia tonge mdomoni, mbwa alikuwa ametangulia.

Bimdogo alikuwa na dawa yake. Alimwita mwalimu mmoja wa Bondeni, mtu mcha Mungu, akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya waridi, likawa kombe. Gharib alilinywa mbele ya mkewe na mkwewe, akalia kwa dhati, akaapa. Na kwa muda mfupi alikuwa kama mtu mpya. Kisha ikaja siku ya kupeleka mzigo, akapita kwenye kile kibanda "kusalimu tu". Aliporudi, alikaa kwenye ngazi, kichwa kati ya magoti, akiwaza kwamba jina la Mungu na chang'aa vilikuwa vimekutana ndani ya tumbo lake. Hakuwahi kujionea kinyaa namna ile. Kama angaliweza kujivua kama kanzu, angalijivua na kujiacha pale pale ngazini.

Ndipo alipokwenda kumtafuta Mutunga. Ilimbidi apite mbele ya kibanda ili amfikie, na walevi wenzake wakamwita kwa jina, wakampungia vikombe. Alipita amebana pua. Mutunga alikuwa chini ya lori lake akifunga boliti, miguu tu imetokeza.

"Wewe ni yule wa halua," Mutunga akasema alipojitoa. Alikuwa mtu mnene, mwenye kovu lililogawa unyusi mmoja. "Nilikuwa nakuona. Siku moja uliniangukia."

"Sikumbuki."

"Mimi pia sikumbuki vizuri. Niliambiwa." Akajifuta grisi kwa tambara. "Njoo Jumanne, saa kumi na moja jioni. Tunakaa watu kadhaa, sote walevi. Tunaongea, tunakunywa chai, tunaenda nyumbani. Hakuna dawa, hakuna daktari."

"Wapi?"

Mutunga akamtajia kanisa moja upande wa pili wa kisiwa. Gharib akarudi nyuma hatua moja.

"Kanisani? Mimi nikionekana naingia kanisani, ndugu yangu, afadhali nionekane mtaroni."

"Si kanisani. Ni jikoni kwa kanisa. Mlango wa nyuma. Na mtaroni umeshaonekana."

Jumanne hiyo Gharib alivaa shati na suruali, akaiacha kanzu, lakini kofia aliisahau kichwani. Alizunguka mitaa mitatu isiyo na haja ili asikutane na mtu wa kwao, akaingia mlango wa kwanza aliouona nyuma ya kanisa. Ndani kulikuwa na akina mama wamejipanga wakifanya mazoezi ya kuimba. Walinyamaza wote kwa pamoja. Walimtazama mtu mwenye kofia ya viua na midomo iliyochubuka, na mama mmoja akafumbata mikono kifuani, uso umemng'aa kwa furaha.

"Karibu, mzee! Umekuja kuokoka?"

Wengine walianza kupiga makofi na vigelegele. Gharib aliruka nje kama aliyekanyaga kaa la moto, na angalifika kwake bila kusimama kama Mutunga hangalikuwa amesimama kwenye mlango wa pili, akicheka mpaka anashika tumbo.

Jiko lenyewe lilinuka maharage yaliyochacha na mkojo wa panya. Kwenye viti virefu vya mbao walikaa watu wanane au tisa. Gharib aliwatazama mmoja mmoja na kila mmoja akamchukiza kwa namna yake. Mmoja alikuwa akijikuna shingo mpaka magamba yanadondoka kwenye ukosi. Mwingine alitetemeka akimwaga chai kwenye paja lake na hakujali. Vikombe vilikuwa na alama za midomo ya watu waliotangulia, na mwanamke mmoja mrefu, Truphosa, aliyekuwa zamani mpishi wa hoteli na sasa anauza mandazi, alivisuuza kwenye ndoo moja yenye maji ya rangi ya udongo. Gharib alipewa chai, akaishika tu.

Kisha akasimama mtu anayeitwa Nicanor. Alikuwa mwembamba kama ufito, suruali imefungwa kwa kamba ya katani, pembe za mdomo zina vidonda. Alisema alikuwa akifanya kazi katika maabara ya shule moja, huko bara, akitunza vyombo na viumbe vilivyohifadhiwa kwenye spiriti ndani ya chupa.

"Nilianza na spiriti ya taa," Nicanor akasema, akitabasamu kana kwamba anasimulia harusi. "Ikaisha. Nikatazama rafuni. Kulikuwa na nyoka, kulikuwa na chura mkubwa, kulikuwa na kitu sijui kilikuwa nini, labda mtoto wa nguruwe. Nikamtoa chura, nikamweka kwenye sahani kwa heshima. Nikanywa yale maji. Kesho yake nikamtoa nyoka."

Watu walicheka. Nicanor mwenyewe alicheka kuliko wote, meno machache yaliyobaki yakaonekana, ya rangi ya hina.

"Shida ni yale magamba," akaongeza. "Yanakwama kooni."

Gharib alikiangusha kikombe, akatoka mbio, akatapika ukutani mpaka hakuna kilichobaki ila nyongo. Alipoinua kichwa, Truphosa alikuwa amesimama na kopo la maji.

"Umekunywa leo?" akamuuliza.

"Sijagusa."

"Basi umetapika ukiwa mkavu. Lini mara ya mwisho?"

Gharib akafikiri, hakukumbuka. "Mimi si kama yule," akasema. "Mama, mimi mtu wa watu. Nyumba yetu haijapata kuingia mdudu. Yule si binadamu. Yule ni..." Akashindwa kumpata jina.

"Haya," Truphosa akasema. "Si kama yule. Sukutua."

Hakurudi Jumanne iliyofuata, wala ile nyingine. Mutunga alipomsalimu Shimanzi, Gharib alijifanya hakumsikia. Alijiambia kwamba amewaona walevi hasa na sasa amejua yeye si mmoja wao. Mtu anayekunywa glasi mbili ili kuukata utamu wa halua hawezi kuwekwa benchi moja na mnywa vyura. Na kwa kuwa si mmoja wao, aliona hakuna ubaya kupita kibandani.

Mvua ilikuwa ikipiga mabati alasiri hiyo. Chang'aa ilikuwa ndani ya pipa la plastiki, na mwanamke aliyekuwa akiiuza alikuwa ameinama akichota kwa kata. Kata ilitoka na panya. Alikuwa amekufa siku nyingi, amevimba, manyoya yamemtoka tumboni, na ngozi ilikuwa nyeupe kama ya mtu aliyekaa sana majini. Mwanamke alimshika mkia, akamtupa nje kwenye mvua, akaikung'uta kata mara moja na kuendelea kugawa.

"Leo kuna nyama," mlevi mmoja akasema.

Hakuna aliyeondoka. Gharib alimtazama yule panya kule nje, maji ya mvua yakimsukuma kuelekea mtaroni. Alisema moyoni, sasa nainuka, sasa natoka. Na alipotazama mkono wake aliuona umenyooka mbele, umeshika kikombe, unangoja. Kikombe kilijaa. Juu ya pombe ulielea unywele mmoja mfupi wa kijivu. Gharib aliuondoa kwa kidole, akaufuta kwenye suruali, akanywa.

Akanywa na cha pili.

Jumanne iliyofuata alikwenda mwenyewe, mapema, kabla hata Truphosa hajawasha moto. Watu walipojaa, nafasi iliyobaki ilikuwa karibu na Nicanor, wakakaa wamebanana, Gharib akipumua kwa mdomo. Zamu yake ilipofika hakusimama. Alisema habari ya panya akiwa ametazama sakafu, neno kwa neno, na unywele akausema. Hakuna aliyecheka mara hii. Kisha Nicanor akamgeukia kwa uzito, kama fundi anayemuuliza fundi mwenzake.

"Alikuwa panya buku au hawa wadogo wa nyumbani?"

"Buku."

Nicanor akatikisa kichwa. "Huyo ana mafuta," akasema, akampigapiga gotini.

Gharib aliutazama ule mkono wenye ukurutu gotini mwake. Ulimchukiza kama siku ya kwanza. Lakini hakuinuka. Siku hiyo hakunywa, na kesho yake hakunywa, na ilipofika siku ya kupeleka mzigo alimwomba Mutunga aje auchukue mlangoni ili miguu yake isifike Shimanzi. Yalikuwa mateso. Alitokwa jasho lenye harufu ya siki, alitetemeka juu ya sufuria, alimwona mbwa usingizini. Kila Jumanne aliketi kwenye lile jiko akiwachukia watu wote waliokuwamo, na kila Jumanne alirudi.

Mwishoni mwa mwaka mvua iliangusha paa la jiko. Wazee wa kanisa walisikitika, wakasema hawana chumba kingine. Kikundi kikakutana mara moja chini ya turubai la lori la Mutunga, mara moja kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, ambako mlinzi aliwafukuza. Wawili hawakuonekana tena, na habari zilizofika ni kwamba mmoja amerudi kibandani.

"Wewe una stoo," Mutunga akamwambia Gharib. "Nimeiona nikichukua mzigo. Ina mlango wake wa uchochoroni."

"Stoo ya samli si yangu. Ni ya mkwe wangu. Na mkwe wangu hajui nakwenda wapi Jumanne. Adhani naenda darasani."

"Basi mwambie."

Alimwambia jioni hiyo hiyo, baada ya chakula, Tumu akikusanya sahani. Alianza kwa kuzunguka, kisha akasema yote: kanisa, walevi, chai. Bimdogo alimsikiliza ameshika tasbihi, uso unazidi kukunjamana kama mtu aliyeletewa kitu kilichooza.

"Kanisani," akasema. "Miezi yote hii, mkwe wangu, wanambia waenda kusoma, kumbe waenda kanisani kukaa na walevi. Na sasa wataka kuwaleta humu. Ndani ya nyumba yangu. Kwenye samli!"

"Si walevi, mama. Wameacha. Wengine wajaribu."

"Yarabi! Watanuka mpaka msikiti wa..." Akajiuma ulimi, akageukia upande wa bintiye. "Tumu, wasikia maneno ya mumeo?"

Tumu aliweka sahani chini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na katika ndoa yao Gharib alikuwa amezoea kuuchukua ukimya wake kuwa ni subira.

"Nasikia," akasema. "Mlevi tulonaye ndani, mama, twamlisha kila siku na kumfulia. Hao waja mara moja kwa juma, na waja wakavu. Bora hao."

Gharib alihisi uso ukimwaka. Bimdogo alizivuta shanga za tasbihi mpaka mwisho, kisha akatoa masharti. Vikombe walete vyao. Kwenye mapipa ya samli wasisogee. Na yeye mwenyewe ataketi mlangoni, na yeyote atakayenuka pombe hataikanyaga stoo yake.

Ikawa hivyo. Jumanne alasiri, Bimdogo alijifunga buibui lake, akatoa kigoda uchochoroni, akaketi. Walipofika, aliwasimamisha mmoja mmoja.

"Pumua," akawaambia.

Mutunga, mwili wa kifaru, aliinama na kupumua usoni mwa bibi kizee kama mtoto anayekaguliwa meno. Truphosa naye alipumua. Bimdogo alikunja pua, akatema mate pembeni, akaashiria kwa mkono: pita. Majirani walifungua madirisha ya juu. Kwa majuma kadhaa uchochoro mzima ulijua saa ya Jumanne kwa sauti ya Bimdogo ikisema, "Pumua." Wapo waliocheka na wapo waliokasirika, wakasema nyumba ya marehemu imegeuzwa kilabu. Bimdogo aliwajibu kutoka kigodani kwamba pua ni yake na samli ni yake.

Kisha siku moja Nicanor akaja amelewa.

Harufu yake ilitangulia. Alikuja akishika ukuta, shati limelowa, kiatu kimoja tu mguuni. Bimdogo hakungoja apumue. Alinyoosha mguu wake akaziba mlango.

"Huyu haingii."

Gharib alitoka ndani. Alimwona Nicanor ameegemea ukuta, kamasi zinamchuruzika, anatabasamu lile tabasamu lake la chura. Kila kitu ndani ya Gharib kilitaka mlango ule ufungwe. Alikuwa na sababu nzuri pia, kwa kuwa sharti lilikuwa sharti.

"Mama," akasema, "kwetu mtu akija amelewa huingia. Haruhusiwi kusema, lakini huingia. Mimi, lau kama wangalinifungia..."

"Sharti tuliwekeana, mkwe wangu."

"Tuliwekeana. Nakuomba uniondolee leo tu. Akiharibu kitu, ni juu yangu."

Bimdogo akaurudisha mguu polepole. Alifunika pua kwa ukaya wake na kumwacha apite.

Nicanor aliketi, akainama, na kabla mtu hajafungua kinywa alitapika. Alitapika kwenye sakafu, kwenye miguu yake mwenyewe, kwenye ukuta uliopakwa chokaa juzi, kitu cheusi chenye damu kidogo na uvundo wa kufa mtu. Watu waliruka. Mutunga alikuwa amesafiri siku hiyo. Truphosa alimshika Nicanor kichwa, na wengine wakamtazama Gharib.

Gharib alileta ndoo na tambara. Alipiga magoti akaanza kuzoa. Joto la kile kitu lilipita kwenye tambara likafika kiganjani, na mara tatu alilazimika kusimama, ngumi mdomoni, machozi yakimtoka. Aliapiza kimoyomoyo. Alimlaani Nicanor na mama aliyemzaa. Akarudi chini akaendelea, mpaka chini ya vidole vya miguu ya yule mtu, maana huko nako kulikuwa kumeingia. Alipomaliza aliona kivuli mlangoni. Bimdogo alikuwa amesimama pale tangu mwanzo.

"Kumbe waweza," akasema.

Gharib hakuelewa. "Naweza nini, mama?"

"Kuzoa. Miaka yote hii nilidhani mikono yako haiwezi. Matapishi yako aliyazoa mwanangu. Usiku kucha walala wakoroma, asubuhi waamka sakafu yang'aa. Wadhani ni malaika waliokuwa wakishuka na tambara?"

Ilikuwa kweli: hakuwahi kujiuliza. Katika ulevi wake wote, ukiondoa yale aliyoyalamba mbwa, hakuwahi kuyaona matapishi yake mwenyewe asubuhi. Alibeba ndoo akatoka nayo uchochoroni, mchana kweupe, madirisha yote wazi. Jirani mmoja, mzee aliyekuwa akisogea kulia msikitini, aliziba pua kwa kilemba.

"Nani mgonjwa huko ndani, Gharib?"

"Mlevi mwenzangu," Gharib akasema, akamwaga mtaroni.

Baada ya isha alimkuta Tumu roshanini anakunja nguo. Alikaa chini karibu naye, akamuuliza kama yale aliyoyasema mama ni kweli. Tumu aliendelea kukunja.

"Nilikuwa nikijifunga khanga puani," akasema. "Mwanzo nilikuwa nikitapika juu ya yako, nayazoa yote pamoja. Kisha nikazoea. Nilichoshindwa kuzoea ni karafuu. Ulikuwa ukija wazitafuna, ukinigeukia ukinizungumza, harufu ya karafuu na ile nyingine. Sasa siwezi. Wajua kwa nini pilau langu halina karafuu? Nikizisikia tu moyo wanichafuka."

Gharib alikuwa amekula pilau lile miaka, na siku moja alimgombeza mbele ya wageni kwamba amesahau viungo.

"Nisamehe, Tumu."

"Kusamehe nimesamehe, hilo ni la Mungu." Akaiweka khanga juu ya nyingine, akaipapasa isawazike. "Lakini bado nakuonea kinyaa, Gharib. Siwezi kukudanganya. Ukinikaribia mwili wasisimka wenyewe. Siku kitakapokwisha ntakwambia."

Alikubali. Hakuwa na haki ya kufanya jingine.

Nicanor alipelekwa hospitali, akakaa huko, akatoka, akakaa mkavu mpaka mwaka uliofuata. Alikuwa akija stoo kila Jumanne na kumsalimu Bimdogo kwa kumpulizia puani kabla hajaombwa. Kisha akarudia, na mara hii hakuna aliyewahi kumfikia. Mutunga na Gharib walikwenda kuutambua mwili. Gharib alimtazama yule mtu, mdomo wake wenye vidonda sasa umefungwa, akagundua kwamba hata wakati ule bado alikuwa akimchukiza, na kwamba analia kwa kwikwi kama aliyefiwa na nduguye wa tumbo moja. Hakuna kati ya hayo mawili lililofuta jingine.

Stoo iliendelea. Watu wapya walifika, wengine wa Bondeni, wengine wa bandarini, siku moja hata mtu wa Mji wa Kale aliyekuja amejifunika shuka mpaka machoni. Bimdogo alimwambia apumue kama wengine, na kwa sauti ile ile. Gharib alirudi msikitini. Wale wa kulia na wa kushoto hawakusogea karibu mara moja; walichukua muda wao. Halua aliendelea kuikoroga na iliendelea kumkinai, ila sasa alipokinai alikunywa maji ya ndimu, akakunja uso, akashika mwiko tena.

Tumu hakumwambia kitu mwaka huo, wala uliofuata. Yeye hakuuliza. Ila alizoea, kabla ya kupanda ghorofani jioni, kusimama bombani akaoga mpaka maji yakamalizika kwenye tangi, na Bimdogo akagomba kutoka juu kwamba mtu huyu atawafilisi maji.